Sarafu Iliyosuguliwa

Inspekta aliponyoosha mkono kuichukua ile sarafu, mwenye duka alimzuia.

"Ukingoni, afande. Ishike ukingoni kwa vidole viwili, usiguse uso wake." Halafu akashusha pumzi. "Ingawa hii haina cha kuharibika tena."

Wafanyabiashara wenzake wa sarafu za kale walimwita Miwani, kwa sababu ya lenzi ndogo aliyoivaa kwenye jicho la kulia hata anapokunywa chai. Duka lake lilikuwa chumba kimoja chembamba, kabati za vioo kila upande, taa yenye shingo ndefu juu ya meza na kiti kimoja cha mteja. Inspekta alikikalia kiti hicho. Koplo wake, mtu mnene aliyebakiza miezi minne astaafu, alisimama mlangoni kwa kuwa ndani hapakuwa na pa kumweka.

Ilikuwa Jumatano, saa tatu asubuhi. Mzee Posta alikuwa ametoweka tangu Jumatatu baada ya chakula cha mchana. Walimwita hivyo kwa sababu alikaa miaka thelathini na moja nyuma ya dirisha la stempu. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mbili na kisukari cha kuchoma sindano asubuhi na jioni. Dawa yake yote ilikutwa kwenye jokofu nyumbani kwa binti yake. Daktari wake, alipoulizwa jana, hakuzungusha maneno. Siku mbili bila sindano ni hatari, alisema. Siku ya tatu msinipigie simu kuniuliza, mtafuteni tu.

"Una uhakika ni ya kwake?" Inspekta aliuliza.

"Sasa nina uhakika. Jana sikuwa nao, na ndiyo maana nimekosa usingizi."

"Nieleze ya jana."

"Alasiri aliingia mtu. Kofia, barakoa, miwani ya jua. Hakukaa. Akaiweka hapo juu ya kitambaa. Nikaitazama mara moja tu nikajua imesafishwa, nikamwambia hii nainunua kwa uzito wa fedha, basi. Hakubishana. Akapokea, akaondoka."

"Mtu asiyebishana bei hakukushangaza?"

"Alinishangaza. Lakini afande, kila wiki nalia msiba huu. Mtu anarithi sarafu ya babu yake, anaiona nyeusi, anaikimbilia na dawa ya meno na mswaki. Akija hapa anang'aa kuliko sarafu yenyewe."

Inspekta hakucheka. "Ulijuaje kwa kutazama mara moja?"

Miwani aliivuta taa karibu. Akatoa sarafu nyingine kwenye kabati, ya fedha vilevile, akaiinamisha taratibu chini ya mwanga. Mstari wa nuru ukazunguka juu yake, ukatoka shingoni mwa ndege aliyechongwa pale, ukapita mbawani, ukarudi.

"Umeona mwanga unavyotembea? Huo ni mng'ao wa kiwandani, siku ilipogongwa muhuri. Sasa tazama ya Mzee Posta."

Akaiinamisha. Ilimeta kila upande kwa pamoja, kama sufuria iliyotoka kusuguliwa. Nuru haikutembea popote.

"Imekufa," Miwani alisema. "Mzee alikuwa akiibeba kwenye kikopo cha bati cha dawa ya kikohozi, imezungushiwa pamba. Ilikuwa nyeusi. Weusi mzuri, ukingoni samawati kama shingo ya njiwa, katikati kahawia. Weusi ule hauji kwa mwaka mmoja wala kumi. Ukiutoa, umeichuna ngozi. Ikiwa nyeusi, angepata mtu wa kumpa kiwanja kizima. Sasa hivi ni jozi ya viatu. Tena si vya ngozi."

"Na ulimtambua mwenyewe vipi, kama ngozi haipo?"

"Kovu." Miwani alivua lenzi akampa. "Kuna mstari ulioinuka, kutoka shingo ya ndege mpaka ukingoni. Muhuri wa kiwanda ulipasuka, kila sarafu iliyofuata ikatoka na ufa ule. Katika maisha yangu nimeziona mbili. Moja kwenye picha, nyingine mkononi mwa Mzee Posta. Leo asubuhi nimeitazama hii kwa utulivu, nikauona. Hapo ndipo nikawapigia."

Inspekta aliiweka lenzi jichoni. Aliukuta ufa, mwembamba lakini dhahiri. Kisha akaona kitu kingine. Uso mzima wa sarafu ulikuwa na mikwaruzo myembamba kuliko unywele, na yote ilipinda upande mmoja kama mistari ya santuri.

"Sarafu ikichakaa mfukoni, mikwaruzo inakuwaje?"

"Huku na huku, haina mpango."

"Hii ina mpango."

"Ndiyo. Na mkono wa mtu hauwezi kupinda sawasawa namna hiyo. Hiyo ni mashine, afande. Gurudumu linalozunguka. Tazama na herufi, kona zake zimelainika kama sabuni iliyotumika."

Inspekta alishuka na lenzi mpaka kwenye mashina ya herufi, mahali ambapo gurudumu halikufika. Weusi wa zamani ulibaki pale, umejibanza. Na ndani ya weusi huo palikuwa na chembe za rangi nyingine, nyekundu iliyopauka.

"Na huu unga?"

"Nimeuona. Masonara wana unga mwekundu wa kung'arishia. Kama ningekuwa wewe ningeanzia huko."

Simu ya Inspekta ililia. Alikuwa binti wa Mzee Posta, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye tangu Jumatatu hakuwa amevua viatu.

"Afande, nimezunguka hospitali zote tena. Hayupo. Nimeenda mpaka mochwari." Sauti ilikatika, ikarudi. "Kuna lolote?"

"Kuna kitu kidogo. Uko na nani hapo?"

"Nilikuwa na Baba Mdogo. Ametoka sasa hivi, kachukua picha zaidi akazibandike kituo cha basi. Afande, leo ni siku ya tatu."

"Najua, Mwalimu."

"Najua unajua. Nasema tu."

* * *

Mtaa wa masonara ulikuwa na karakana tano, lakini yenye gurudumu kubwa la umeme ilikuwa moja. Mwenyewe alikuwa mwanamke wa makamo yaliyopita kidogo, aliyerithi nyundo za mumewe na jina la kazi pia. Kila mtu alimwita Mama Sonara. Inspekta aliingia bila kubisha, akaweka bahasha ya ushahidi juu ya meza.

"Hii imepita kwenye mashine yako jana au juzi."

Mama Sonara aliitazama sarafu ndani ya nailoni, kisha akamtazama Inspekta. "Hujambo na wewe."

"Kuna mzee anakufa mahali fulani wakati tunasalimiana."

"Basi keti tusipoteze muda. Haikupita hapa."

"Mtaa huu una mashine moja tu yenye gurudumu, na una unga mwekundu."

"Ninao. Koplo, nipe hicho kipande kilichoko nyuma yako."

Koplo akampa kipande kama sabuni, chekundu kama damu iliyokauka. Mama Sonara akakipitisha kidoleni, akauinua mkono. Kidole kilikuwa kimepakwa utelezi mwekundu ambao haukutoka kwa kufuta.

"Wangu una mafuta. Ukiingia kwenye herufi unashika kama siagi, na unabaki mwekundu mpaka kiama. Huo wenu ni mkavu. Tena si mwekundu. Naweza kuchukua chembe moja?"

Inspekta alisita. Ushahidi ni ushahidi. Akaangalia saa ya ukutani, ilikuwa saa nne na robo. "Moja. Zilizobaki zinakwenda maabara."

Mama Sonara alichokoa chembe moja kwa ncha ya sindano, akaiweka juu ya kipande cha bati, akaigusa kwa sindano nyingine aliyoipasha moto. Chembe ikanywea, ikawa tone. Harufu ikapanda, kali, yenye utamu wa rangi ya kucha.

"Jiwe haliyeyuki," alisema. "Unga wa sonara hauyeyuki. Hii ni plastiki."

"Plastiki ya nini?"

Mama Sonara aliikodolea macho sarafu, kisha akageukia ukutani kama mtu anayepiga chafya. Alipogeuka tena, midomo yake ilikuwa imeingia ndani, na meno yake yote ya juu yalikuwa kiganjani.

"Thogeza taa," alisema.

Koplo alisogeza taa huku akitazama pembeni kwa adabu. Inspekta aliyaweka yale meno sambamba na sarafu, akavaa lenzi aliyoazimwa na Miwani. Fizi ya plastiki ilikuwa na rangi ileile. Nyekundu iliyopauka, yenye vinyuzi vidogo ndani yake, kama nyama.

"Rangi ya fizi," alisema.

Mama Sonara alirudisha meno yake mahali pake. "Fundi wa meno akimaliza kuyatengeneza, anayang'arisha kwenye gurudumu, na unga wa jiwe uliolowana. Vumbi la fizi linabaki kwenye ule unga. Akiweka kitu kingine hapo, litaingia kwenye kila tundu. Mjini hapa mafundi wa namna hiyo hawazidi watatu."

Inspekta alikuwa tayari amepiga simu.

"Mwalimu, nijibu haraka. Baba yako ana meno ya kubandika?"

"Ndiyo, ya chini. Kwa nini?"

"Nani alimtengenezea?"

Kwa mbali ilisikika redio ya jirani.

"Mwalimu?"

"Baba Mdogo," alisema Mwalimu. "Ndiyo kazi yake. Afande, Baba Mdogo ndiye aliyelia kuliko sisi sote."

"Karakana yake iko wapi? Chukua dawa ya baba yako kwenye jokofu, njoo huko. Usimpigie simu. Sikiliza ninachosema, usimpigie."

* * *

Karakana ya Baba Mdogo, Fundi Meno kwa wateja wake, ilikuwa mwisho wa uchochoro, nyumba ya bati yenye ua mdogo uliojaa jua. Uani palikuwa na pikapu kuukuu iliyofunikwa turubai nyuma. Koplo alisimamisha gari la polisi nyuma yake, pua kwa mkia, kwa sababu mahali pengine hapakuwepo.

Fundi alitoka akijipangusa mikono. Alikuwa mfupi, safi, mwenye sauti ndogo ya mtu aliyezoea kuzungumza na watu wenye midomo wazi. Picha za kaka yake alizotakiwa kubandika zilikuwa bado chini ya kwapa lake.

"Afande, karibuni. Kuna habari?" Macho yake yakapita begani kwa Inspekta. "Mngesogeza gari lenu kidogo tu. Natoka, kuna mteja ananingoja."

"Tukimaliza tutakusogezea. Tuingie ndani."

Ndani palinuka dawa kali iliyochoma macho. Kwenye rafu zilipangwa taya za plasta, kila moja kwenye kisanduku chake chenye jina la mwenyewe na tarehe. Mwishoni mwa meza palikuwa na mota na gurudumu la kitambaa, na chini yake trei ya uji mzito wa unga wa jiwe. Uji huo ungetakiwa kuwa wa kijivu. Ulikuwa na rangi ya fizi.

"Ulimwona lini kaka yako mara ya mwisho, fundi?"

"Ijumaa. Nimeshaandikisha kituoni."

"Alikuja kufanya nini?"

"Kunisalimu. Mtu na ndugu yake."

"Hakuja Jumatatu?"

"Jumatatu sikufungua. Nilikuwa na homa."

Koplo alikuwa akizunguka kwenye rafu, mikono nyuma, kama mnunuzi asiye na haraka. "Fundi, mimi mwenyewe nahitaji mawili ya mbele. Yanachukua siku ngapi?"

"Siku tatu, nne."

"Na la kurekebisha, kama linaumiza?"

"Hilo ni saa moja tu."

"Eeh." Koplo aliteremsha kisanduku kimoja, akakisoma kwa sauti. "'Kaka. Linabana kushoto. Jumatatu.'" Akakiweka mezani kwa upole. Ndani yake palikuwa na meno ya chini, yamelowekwa kwenye maji.

Fundi aliyatazama yale meno kana kwamba yangemjibia. "Nimekosea tarehe."

"Mzee ameondoka Ijumaa bila meno, akala Jumamosi na Jumapili kwa binti yake, na binti asione?" Inspekta aliuliza.

"Sijui. Nimechanganyikiwa, afande. Ndugu yangu amepotea, na wewe unaniuliza siku."

Inspekta aliitoa sarafu, akaiweka kando ya trei. "Na hii umeing'arisha hapa. Mistari yake imepinda kama gurudumu lako, na vumbi la trei yako limejaa kwenye herufi."

"Wateja huniletea vitu vingi. Pete, vifungo, medali."

"Nani alikuletea hii?"

"Sikumbuki."

"Ule mlango ni wa nini?"

Mlango ulikuwa nyuma, wa mbao, wenye kufuli kubwa. "Stoo ya plasta. Ufunguo umepotea."

"Koplo."

Koplo hakutafuta ufunguo. Alirudi hatua mbili, akauendea mlango kwa bega, na bawaba zikang'oka pamoja na vipande vya mbao. Inspekta aliingia wa kwanza, tochi mkononi.

Hapakuwa na mtu. Palikuwa na magunia ya plasta yaliyopangwa kama kitanda, blanketi, kiatu kimoja cha mzee na ndoo iliyonuka mkojo. Sakafuni palikuwa na kikombe cha bati. Sisimizi waliingia na kutoka kikombeni kwa msururu mnene mpaka ukutani. Inspekta aliweka kiganja chake juu ya blanketi. Lilikuwa na unyevu, na bado lilikuwa na joto kidogo.

Alitoka mbio, akamshika fundi kola. "Yuko wapi?"

Fundi alitikisa kichwa.

"Alikuwa hapa leo hii. Yuko wapi?"

"Mimi sijui. Nataka wakili."

"Utampata wakili, hata kumi ukitaka. Nipe mzee kwanza."

"Sijui."

Inspekta alimwachia. Koplo alimwona akitazama rafu, dari, mota, tena rafu, kama mtu aliyepoteza kitu ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Hapo Mwalimu akaingia. Alikuwa amekumbatia mfuko mdogo wa baridi. Alipita katikati yao bila kumtazama mtu, akaenda moja kwa moja stoo, akakaa humo kitambo kifupi. Alipotoka alikuwa na kile kikombe.

"Baba Mdogo," alisema. "Hii ni nini?"

"Mwanangu, usiingie humu..."

"Nakuuliza ni nini."

"Chai," fundi alisema. "Alikuwa hana nguvu. Nilimpa chai."

"Ya sukari?"

"Ya sukari nyingi. Apate nguvu. Jana mara tatu, na leo asubuhi nikajaribu, lakini hakuweza kumeza." Akamsogelea Mwalimu hatua moja. "Sikumwacha na njaa, mwanangu. Wallahi sikumwacha."

Mwalimu hakupiga kelele. Aliongea naye taratibu, kama anavyoongea na mtoto wa darasa la kwanza.

"Baba ana kisukari cha sindano. Bila hii dawa, sukari ndiyo inayomuua. Umekuwa ukimpa sumu kwa kijiko. Ukinyamaza, jioni hii tunamzika, na aliyemuua ni wewe. Ukisema sasa hivi, labda bado. Labda. Chagua."

"Kila mtu ana kisukari," fundi alisema. "Hata mimi ninacho. Sikujua kama..." Akakaa chini kati ya picha za kaka yake zilizotawanyika. "Yuko kwenye gari."

"Gari gani?" Inspekta aliuliza.

"Langu. Hapo nje. Nilikuwa nampeleka hospitali, ndipo mkaniziba."

Koplo alikuwa ameshatoka. Alilivuta turubai kwa mikono miwili, kamba zikakatika. Chini yake, juu ya godoro jembamba, Mzee Posta alikuwa amelala ubavu, midomo imepasuka, mguu mmoja hauna kiatu. Bati la pikapu lilikuwa la moto kiasi kwamba Koplo aliondoa kiganja kwa kasi. Walikuwa wamekaa robo saa nzima hatua sita kutoka pale.

Mwalimu alipanda juu, akaweka sikio kifuani mwa baba yake. Wote walisimama.

"Anahema," alisema. "Anahema vibaya, lakini anahema."

Alikuwa ameshafungua mfuko, sindano mkononi. Inspekta alimshika kifundo cha mkono.

"Hapana, Mwalimu. Hospitali ndio wenye kujua kipimo. Panda naye. Koplo, ondoa gari."

* * *

Fundi alieleza yote jioni ile, mara moja, bila kusimama. Sarafu ilikuwa ya mama yao. Mama alipofariki alimwachia mkubwa, na mdogo hakuachiwa hata sufuria. Jumatatu, wakati anamrekebishia meno, alimwomba kaka aishike tu kidogo. Kaka akakataa, akaifumbata. Wakavutana kama watoto. Mzee akateleza, kichwa kikagonga ukingo wa meza. Alipozinduka hakumtambua mtu, alikuwa anamwita mama yake.

"Kwa nini hukumpeleka hospitali saa ileile?"

"Niliogopa. Nikasema akitulia kidogo. Baadaye nikaogopa kwa sababu niliogopa mwanzo."

"Na kuisafisha, kisha kwenda kuiuza umejificha uso?"

"Niliogopa ikutwe kwangu, na kila mtu aliijua nyeusi. Nikasema ikiwa nyeupe haitajulikana." Alitazama mikono yake. "Na nilidhani itapendeza."

"Na leo ulikuwa unakwenda hospitali kweli?"

Fundi alimwinulia macho. "Ndiyo."

Inspekta aliandika jibu lile. Hapakuwa na njia ya kulipima.

* * *

Mzee Posta alifumbua macho Ijumaa. Jumamosi asubuhi daktari aliwaruhusu polisi dakika kumi. Figo moja ilikuwa imegoma, na mguu wa kulia haukuwa na hisia, lakini akili ilikuwa yake. Mwalimu alisimama dirishani.

"Andika," mzee alisema. Bila meno maneno yake yalitoka laini. "Nilianguka mwenyewe."

Inspekta aliandika.

"Mdogo wangu alinitunza. Sarafu nilimpa mwenyewe, kwa hiari yangu."

Kalamu ikasimama. "Ulimpa aifanyie nini, mzee?"

"Aitazame. Aisafishe akipenda."

Inspekta alifungua bahasha, akaitoa sarafu kwa vidole viwili, ukingoni, akaiweka kwenye kiganja cha mzee. Mzee aliielekeza dirishani. Akaiinamisha huku, akaiinamisha kule, akitafuta ile nuru inayotembea. Alijaribu mara nne. Mkono ukashuka juu ya shuka.

"Miaka yote hiyo hukuipangusa hata kwa kitambaa," Inspekta alisema. "Uliizungushia pamba. Unataka niandike kwamba uliitoa ipelekwe kwenye mashine?"

Machozi yalimtoka mzee bila uso kubadilika.

"Ni mdogo wangu," alisema.

"Najua."

"Mama alikosea. Angetugawia chochote, hata sahani. Mimi nilijua alikosea, na nilinyamaza, kwa sababu kosa lilikuwa upande wangu." Akavuta pumzi. "Andika unavyotaka, afande. Mimi sitasaini."

"Bila saini yako, mzee, wakili wake atasema alikuwa anamhudumia mgonjwa."

"Basi na aseme."

Akageuza uso ukutani. Inspekta alifunika kalamu, akaanza kukunja karatasi. Nje ya wodi troli ya vyombo ilipita ikigonga.

Mwalimu aliondoka dirishani. Alivuta kiti kutoka upande wa pili wa kitanda, miguu ya chuma ikalia sakafuni, akakaa kumkabili Inspekta. Baba yake aliusikia mlio ule. Mgongo wake ukakauka.

"Mwanangu," alisema bila kugeuka. "Tafadhali."

"Nimekusikia, baba," Mwalimu alijibu. Akaweka mikono yote miwili kwenye meza ndogo ya kando ya kitanda. "Afande, toa karatasi mpya. Mimi nitasema niliyoyaona na kuyasikia karakanani, na nitasaini."

Inspekta aliifunua kalamu, akaandika tarehe.